Wakili wa Brownhelm

Mnamo mwaka wa 1839, katika mji wa Chillicothe, jimbo la Ohio, Marekani, mtoto wa miaka tisa alikuwa mahakamani akiwasikiliza mawakili wakibishana juu yake. Hakuwa ameiba wala kuvunja dirisha la mtu. Neno lililobishaniwa lilikuwa hili: je, mlezi wake, mzungu aliyempenda na kumlea kama mwanawe wa kuzaa, aruhusiwe kuhama naye kwenda Missouri? Ohio hapakuwa na utumwa. Missouri ulikuwapo, na mtoto mweusi asiye na baba wala mama angeweza kupotea huko, yeye na urithi wake, kabla hata ndevu hazijamwota. Aliyefungua shauri alikuwa William Langston, kaka yake wa mama mmoja. Hakimu alikubaliana naye. Mlezi akaenda zake, na mtoto akabaki Ohio akiwalilia watu aliowazoea kama wazazi.

Mtoto huyo, John Mercer Langston, alikuja kuwa wakili wa kwanza mweusi katika jimbo hilo.

Wazazi wake wenyewe walikuwa watu wa kisa. Baba yake, Ralph Quarles, alikuwa bwana shamba mzungu wa wilaya ya Louisa, jimbo la Virginia, mwenye ardhi na watumwa. Mama yake, Lucy Langston, alikuwa na damu ya Kiafrika na ya Wahindi Wekundu, na yasemekana alifika mikononi mwa Quarles kama rehani ya deni. Mwaka wa 1806 Quarles aliwaandikia hati ya uhuru Lucy na binti yao Maria. Kuoana hawakuweza, maana sheria ya Virginia ilikataza ndoa ya mzungu na mtu mweusi. Basi waliishi pamoja bila cheti, na watoto wakachukua jina la mama. Baada ya hati hiyo walizaliwa wana watatu: Gideon, Charles, na kitinda mimba John, aliyezaliwa tarehe 14 Desemba 1829.

Hapo yafaa kutua kidogo. Sheria ya Virginia, tangu karne ya 17, ilisema kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, mama akiwa mwungwana, mtoto ni mwungwana. Lucy asingepewa karatasi ile, wanawe wangehesabiwa pamoja na ng'ombe na majembe ya shamba la baba yao. Wala Quarles asidhaniwe kuwa mtetezi mkuu wa uhuru, kwa sababu watu wengine waliendelea kumtumikia wakiwa watumwa. Lakini kwa watoto wake alifanya lile ambalo mabwana wengi wa namna yake hawakulifanya: aliandika wasia, akawaachia wanawe sehemu kubwa ya mali yake.

Mwaka wa 1834 Quarles alifariki, na Lucy akamfuata mwaka huo huo. John alikuwa na miaka minne. Ndugu wakafunga mizigo, wakaelekea Ohio, na mdogo akakabidhiwa kwa William Gooch, rafiki wa marehemu baba yake. Huyo ndiye mlezi wa lile shauri la Chillicothe.

Baada ya shauri mtoto alihamahama nyumba kwa nyumba. Alikuwa Cincinnati mwaka wa 1841, wakati makundi ya wazungu yalipowavamia watu weusi wa mji huo. Kisha akaenda Oberlin, mji mdogo wa kaskazini mwa Ohio, ambako chuo kilipokea wanafunzi weusi tangu mwaka wa 1835. Gideon na Charles walikuwa wametangulia. John alihitimu mwaka wa 1849.

Alitaka sheria. Shule moja ya sheria katika jimbo la New York ilimjibu kwamba angepata nafasi iwapo angekubali kujifanya Mfaransa au Mhispania. Alikataa. Shule nyingine, ya Cincinnati, ikamfungia mlango. Ikabaki njia ya zamani, yaani kusoma chini ya wakili mwenye ofisi yake. Philemon Bliss, wa mji wa Elyria, alimpokea, akampa vitabu na meza.

Septemba 1854 alifanyiwa mtihani na kamati ya mawakili, nao wakaridhika na elimu yake. Kikwazo kikawa rangi. Sheria ya Ohio haikumkubali mtu mweusi kuwa wakili. Hata hivyo, kwa tafsiri ya mahakama za jimbo hilo, mtu mwenye damu ya kizungu kuzidi nusu alihesabiwa kuwa mzungu mbele ya sheria. Majaji walimtazama, wakapiga hesabu ya nasaba yake, wakamwapisha. Kichekesho chenye uchungu: yule aliyekataa kujiita Mfaransa ili aingie shule aliambiwa na mahakama kwamba yeye ni mzungu, naye hakuwa ameomba sifa hiyo.

Mwezi uliofuata alimwoa Caroline Wall, binti wa bwana shamba wa North Carolina na mwanamke mtumwa, aliyepelekwa Ohio angali mdogo akalelewa huko katika uhuru. Kisa cha mume na kisa cha mke vilikuwa kama maji ya kisima kimoja. Wakanunua shamba Brownhelm, karibu na ziwa Erie, mahali pa wakulima ambao karibu wote walikuwa wazungu. Hao ndio waliokuwa wateja wake wa mwanzo, wenye magomvi ya mipaka, madeni, na mashtaka ya kuuza pombe. Kazi ya wakili wa mji mdogo ni hiyo. Apatanishe leo, kesho ashindane mbele ya hakimu ambaye jana walikaa naye benchi moja kanisani. Mwaka wa 1855 wakazi wa Brownhelm walimchagua kuwa karani wa mji wao, naye anahesabiwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kabisa kupata madaraka kwa kura nchini Marekani. Mwanawe wa kwanza alimwita Arthur Dessalines, kwa heshima ya jemadari wa Haiti. Mwingine akamwita Ralph, jina la babu yule wa Virginia. Baba anayewapa wanawe majina hayo mawili chini ya paa moja alikuwa hajasahau upande wowote wa damu yake.

Mwaka wa 1856 alihamia Oberlin. Miaka miwili baadaye kaka yake Charles alikuwa kati ya umati uliomnyang'anya mtumwa mtoro, John Price, kutoka mikononi mwa wakamataji katika mji jirani wa Wellington. Charles alishtakiwa, akatoa hotuba mahakamani ambayo bado inasomwa, akafungwa siku 20 na kutozwa faini ya dola 100.

Lakini shauri lililompima John kwa kina lilikuja mapema mwaka wa 1862. Wasichana wawili wazungu, wanafunzi wa Oberlin, waliugua ghafla baada ya kunywa divai waliyoandaliwa na mwenzao, Edmonia Lewis, binti mwenye damu ya Kiafrika na ya Wahindi Wekundu. Ikavuma kwamba ni sumu. Kabla mahakama haijakaa, usiku mmoja watu wasiojulikana walimkamata binti huyo, wakampiga vibaya, wakamwacha nje katika baridi. Alifika mahakamani akiwa bado anaegemea marafiki.

Langston hakuanza kwa kulia wala kwa kuhubiri. Aliuliza swali ambalo kila askari wa upelelezi hana budi kujiuliza: je, kosa limethibitishwa kuwa limetendeka? Madaktari walisema walishuku sumu. Nani aliyekuwa ameyapima yale yaliyotoka matumboni mwa wagonjwa? Hakuna. Kama sumu yenyewe haikuonekana, mtu atahukumiwaje kwa kuitia? Mahakama ikamwachilia Edmonia. Miaka mingi baadaye, alipoandika kitabu cha maisha yake, Langston alikisimulia kisa hicho bila kumtaja binti kwa jina. Pengine ni adabu ya wakili kwa mteja wake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha kuwaka. Mwaka wa 1863, watu weusi walipofunguliwa mlango wa jeshi, Langston alizunguka huku na huko akiwaandikisha askari wa vikosi vya 54 na 55 vya Massachusetts, kisha wa kikosi kilichoitwa baadaye cha 5 cha askari weusi wa Marekani, kutoka Ohio. Haikuwa kazi nyepesi kumshawishi baba wa watoto. Askari mweusi alilipwa dola 10 kwa mwezi, zikikatwa 3 za mavazi, hali mwenziwe mzungu alipata 13, na hitilafu hiyo haikurekebishwa na sheria hadi Juni 1864. Walijiandikisha hata hivyo. Tarehe 29 Septemba 1864, karibu na Richmond, maofisa wa kikosi cha 5 walipoanguka, masajini walishika uongozi. Wanne kati yao walipewa Nishani ya Heshima ya Bunge. Mmoja wao, Robert Pinn, alirudi vitani akiwa na jeraha la mkono, akasoma Oberlin, akawa wakili katika mji mdogo wa Massillon. Naye Edmonia, aliyekuwa amejifunza uchongaji Boston, alichonga sanamu ya Kanali Robert Gould Shaw, kamanda wa kikosi cha 54 aliyeuawa Julai 1863. Mauzo ya nakala zake yalimsaidia kupata nauli ya Ulaya, naye akajipatia jina kubwa Rumi.

Yaliyofuata kwa Langston yamo katika vitabu vya historia. Alianzisha idara ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, akawa balozi nchini Haiti kuanzia 1877 hadi 1885, na mwaka wa 1890, baada ya kugombania matokeo ya uchaguzi kwa muda mrefu, akaketi katika Bunge la Marekani akiwakilisha jimbo lile lile la Virginia alikozaliwa. Alifariki Washington tarehe 15 Novemba 1897.

Charles alihamia Kansas na hakupata vyeo vikubwa kama vya mdogo wake. Mjukuu wake alizaliwa mwaka wa 1901, akawa mshairi anayesomwa duniani kote: James Mercer Langston Hughes. Langston hilo ni jina la Lucy, yule aliyewekwa rehani.