Nusu Shari na Kura ya Mkristo



Waswahili wana methali mbili ambazo kila baada ya miaka mitano hutolewa kabatini pamoja na kanga na fulana za kampeni. Ya kwanza: heri nusu shari kuliko shari kamili. Ya pili: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukizisikia kwa haraka utadhani zinasema jambo moja, lakini sivyo. Ya kwanza inakutaka upime: katika shari hizi mbili, ipi iliyo ndogo? Ya pili inakuondolea kazi ya kupima: baki na uliyemzoea, angalau unajua huanzia kula wapi. Wapiga kura wengi ninaowafahamu, wakiwemo waamini wema wasiokosa rozari, huisema methali ya kwanza halafu wakapiga kura kwa kuifuata ya pili.

Kila nikiwa likizo nyumbani, baada ya sala ya jumuiya, hakosekani mtu wa kuuliza: “Frateri, ni dhambi kumpa kura mtu ambaye najua si mwema, kwa kuwa mwenzake ni mbaya zaidi?” Ni swali zuri kuliko linavyodharauliwa. Anayeliuliza tayari ameshinda kishawishi cha kudhani kwamba dhamiri huachwa nje ya kituo cha kupigia kura kama viatu mlangoni.

Nitalijibu kwa kutumia uchaguzi wa mwaka 2015, kwa sababu sidhani kama Tanzania imewahi kupewa mtihani wa nusu shari ulio wazi kuliko ule. Wakati huo mimi nilikuwa kijana wa sekondari asiye na kadi ya mpiga kura, hivyo sina kura ya kuitetea.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dkt. Willibrod Slaa wa Chadema, aliyewahi kuwa padre na Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, alisoma hadharani majina ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi. Jina la Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu kutokana na sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Haki inatudai tuseme kwamba yeye alikana kosa siku zote na hakuwahi kushtakiwa mahakamani. Hata hivyo kwa miaka kadhaa wapinzani walilitumia jina lake kama mfano wa kila kilichooza serikalini. Kisha, Julai 2015, CCM ilipomkata jina katika mbio za urais, Lowassa akahamia Chadema, na vyama vinne vya Ukawa vikampokea kuwa mgombea wao. Dkt. Slaa akatangaza kuachana na siasa. Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF.

Sasa jiweke katika nafasi ya mwamini aliyetaka mabadiliko. Upande mmoja kulikuwa na chama kilichokuwa madarakani tangu kilipozaliwa mwaka 1977, ambacho serikali zake zilitupa Richmond, EPA na Escrow. Upande wa pili alisimama mtu aliyeacha uwaziri mkuu kwa Richmond hiyohiyo. Shari ileile ilikuwa imekaa pande zote mbili za karatasi, imebadilisha rangi tu. Mwishowe Dkt. John Magufuli alipata takriban asilimia 58 ya kura na Lowassa takriban 40.

Je, waliompigia mmojawapo walitenda dhambi?

Mtume Paulo katika Warumi 3:8 anaikataa kabisa hoja ya kutenda mabaya ili yaje mema, na Kanisa halijawahi kulegeza hapo. Huruhusiwi kusema uongo mdogo mahakamani eti kwa sababu shahidi mwenzako atasema mkubwa. Kwa hiyo, kama kumpigia kura mgombea mwenye kasoro ni tendo baya lenyewe, basi ubaya wa mpinzani wake haukuokoi hata ungekuwa mkubwa kama Kilimanjaro. Wanaojibu swali hili kwa kusema tu “chagua aliye afadhali” hawajaliona fundo lenyewe.

Fundo linafunguka tukiuliza kura ni tendo gani. Mgombea si ubaya, ni mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, hata kama mabango yake yametuchosha. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba ubaya hauna uwepo wake wenyewe. Ni upungufu wa wema mahali ulipopaswa kuwepo. Ninapotia alama ya vema kwenye jina la mtu simtungii kasoro zake wala sizibariki. Ninasaidia kumkabidhi ofisi ambayo itakabidhiwa kwa mtu fulani, nipende nisipende.

Hapa wanateolojia wa maadili hutumia tofauti iliyofafanuliwa vizuri na Mtakatifu Alfonso Maria wa Liguori katika karne ya 18. Kuna kushiriki ubaya wa mwingine kwa kuutaka, na kuna kushiriki kwa kutenda jambo lako jingine ambalo mwenzako analitumia vibaya. La kwanza ni dhambi daima. La pili laweza kuvumiliwa ikiwa ipo sababu nzito inayolingana na madhara yatakayotokea. Kardinali Joseph Ratzinger, kabla hajawa Papa Benedikto wa 16, aliutumia mzani huu mwaka 2004 alipowaandikia maaskofu wa Marekani kuhusu wapiga kura na wagombea wanaounga mkono utoaji mimba. Kwa Kiswahili maana yake yote inaingia katika maneno mawili: je, unampigia mtu huyu kura *kwa sababu ya* ubaya wake, au *licha ya* ubaya wake? (Na kilo ya sukari si sababu nzito. Naiandika hii kwa faida ya wote, wakiwemo ndugu zangu wa damu.)

Papa Fransisko naye aliulizwa swali hilihili ndani ya ndege akitoka Singapore, tarehe 13 Septemba 2024, kuhusu uchaguzi wa Marekani. Aliwaona wagombea wote wawili kuwa wana jambo lililo kinyume cha uhai, lakini akasema kura ipigwe, na achaguliwe aliye na ubaya mdogo. Ni nani huyo? Hakutaja. Aliiachia dhamiri ya kila mmoja. Wapo waliokasirika wakitaka jina. Mimi nadhani alifanya jambo la heshima, maana Katekisimu namba 2240 inauhesabu upigaji kura kuwa wajibu wa kimaadili, na wajibu wa mtu mzima hautekelezwi kwa kunong'onezwa jibu na padre.

Kwa hiyo jibu langu kwa jumuiya ni hili: hapana, si dhambi, ikiwa “licha ya” yako ni ya kweli. Ugumu wote uko katika hilo “ikiwa.”

Kwanza, tunapima nini? Watu wengi hupima wingi wa dhambi: huyu ameiba mara tatu, yule mara moja. Mimi ningeanza kwingine. Mwanafalsafa Karl Popper, akiandika wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alisema swali la kale la nani atawale linatupoteza. Tuulize namna ya kuwaondoa watawala wabaya bila kumwaga damu. Simfuati Popper kila mahali, na walimu wangu wanajua hivyo, lakini hapa naona ameona mbali. Kati ya shari mbili, iliyo kubwa ni ile inayofunga mlango nyuma yake. Kiongozi mwizi anayeacha magazeti yaandike, mahakama ziamue na wapinzani wahutubie ni shari, lakini ni shari inayoweza kusahihishwa baada ya miaka mitano. Kiongozi mwenye mikono safi anayezima sauti zote anaweza kuwa shari kamili, maana siku akikosea hatakuwepo wa kumwambia. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa ibara ya 41(7) ya Katiba hairuhusu mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa. Milango ya kusahihishia ni michache tayari.

Pili, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, ni yale yanayotokea baada ya kura. Hannah Arendt, aliyewakimbia Wanazi, alionya kwamba wanaochagua ubaya mdogo husahau upesi kuwa wamechagua ubaya. Rudi sasa 2015. Sina ugomvi na Ukawa kwa kupima na kuamua kwamba kuiondoa CCM kulistahili gharama ya kumpokea Lowassa. Inawezekana walipima vibaya, inawezekana vizuri. Lakini ni nani kati ya viongozi wao aliyesimama jukwaani akasema, “Tunamchukua licha ya yale tuliyoyasema Mwembeyanga, na haya ndiyo masharti tuliyompa”? Wimbo wa miaka minane ulibadilishwa kwa usiku mmoja. Aliyekuwa mfano wa ufisadi akawa mtu aliyeonewa, na aliyekumbusha ya jana akaitwa msaliti. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM, na walioitupa hazina yao ya maneno kwa ajili yake wakabaki bila mgombea na bila maneno.

Upande wa pili haukuwa bora. Wapo waliompigia Magufuli licha ya chama chake, wakitumaini atakisafisha, na sababu walikuwa nazo: wizi walikuwa wameuona, kazi walikuwa wameikosa. Elimu bila ada ikaja kweli. Lakini mwaka 2016 matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge yalipoondolewa redioni na kwenye televisheni, na mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa (ikaja kuruhusiwa tena Januari 2023), wangapi kati yao walisema, “Nilimpa kura, na hili silitaki”? Wengi tuliwasikia wakisema nchi kwanza ijengwe. Maaskofu wetu, ambao hawakuwa wamemwelekeza mtu ampigie nani, ndio waliokuja kuyasema hayo katika ujumbe wa Kwaresima mwaka 2018, na baadhi ya waamini wakawanunia. Hivyo ndivyo “licha ya” inavyofifia taratibu mpaka inakuwa “kwa sababu ya,” na mtu aliyeingia kituoni na dhamiri safi anajikuta miaka miwili baadaye ni mtetezi wa kile alichokuwa akikichukia. Dhambi ambayo haikuwepo siku ya kura inakuja kuingia kwa mlango wa nyuma.

Wako wanaosema dawa ni kukataa mchezo wote. Hoja yao nzito ni hii: vyama vikijua utachagua nusu shari daima, vitakuletea nusu kubwa zaidi kila mara. Ni kweli. Ndiyo maana sipendi kuambiwa kwamba kura kwa mgombea asiye na nafasi ya kushinda ni kura iliyotupwa. Karatasi ya 2015 ilikuwa na majina manane, si mawili; Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee, alipata chini ya asilimia 1, na nawaheshimu waliompa hiyo asilimia. Hata maaskofu wa Marekani, katika waraka wao kuhusu wajibu wa raia Mkatoliki, wanakiri kwamba mtu aweza kufikia hatua isiyo ya kawaida ya kutomchagua yeyote. Isiyo ya kawaida, lakini. Anayeikosa kura kwa uvivu asijifiche nyuma ya waraka huo.

Kuhusu tarehe 29 Oktoba 2025 nitasema kidogo, kwa kuwa ndugu zetu waliopoteza maisha bado wanalilia haki na familia zao bado zinalia. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi ya kura. Mizani huhitaji sahani mbili. Ukipewa moja, hukuulizwa upime. Vijana wenzangu wanaosema hawatapiga kura tena siwezi kuwajibu kwa kuwasomea namba 2240 na kuondoka. Wajibu wa raia kuchagua unamdai mtawala wajibu wa kumwekea raia cha kuchagua, na Kanisa likihubiri wa kwanza bila wa pili litakuwa limehubiri nusu.

Kwa uchaguzi ujao ningependekeza jambo dogo katika jumuiya zetu, lisilovunja siri ya kura wala kuleta kampeni kanisani. Mwezi mmoja kabla, wanajumuiya waandike pamoja, kwa kila mgombea bila kumbagua yeyote, mambo ambayo hata mpenzi wake anakiri kuwa ni mabaya. Asiyeweza kutaja hata moja kwa mgombea wake asaidiwe na jirani. Katibu alitunze daftari hilo, na baada ya mwaka mmoja lisomwe tena mbele ya wote, hasa ukurasa wa aliyeshinda, ili ionekane nani bado anayaita mabaya kwa jina lake. Gharama ni daftari moja la kurasa 40 na kalamu.