Usimnyang'anye Mpira Mapema

Katika besiboli, timu ikishindwa, kipigo huandikwa kwa jina la mrushaji mmoja. Mwaka 1988 Atlanta Braves ya Marekani ilipoteza michezo 106. Tom Glavine, kijana wa miaka 22, aliandikiwa vipigo 17 na ushindi 7 tu. John Smoltz, 21, vipigo 7, ushindi 2. Wewe ungewafukuza?

Timu iliendelea kuwapa mpira. Mwaka 1991 Glavine alishinda michezo 20. Mwaka 1995 wote wawili wakabeba ubingwa.

Mpendwa, subira si kufumbia macho makosa. Mrekebishe kijana, kisha mpe nafasi tena. Mara nyingi kinachommaliza si kuanguka kwake, ni haraka yetu. Je, ni nani umemkatia tamaa mapema?