Duara ine za mbingu na maua ya shaba

Sisi watu wa mine tunajua maua ya shaba, ile ndogo ya bluu inaota ku kilima pale miti inakataa. Wakubwa walifuata ile maua, wakafika ku shaba. Lakini inaota pia pale mababu waliyeyushaga madini zamani: udongo wa juu uko na shaba, chini hakuna kitu. Mwenye akili anatoboa kwanza.

Sasa kuko wataalamu wanatafuta maua yao mbinguni. Tangu miaka ya 1980, watu kama Alexander Vilenkin na Andrei Linde walifikiri hivi: ulimwengu wote tunaona ni povu moja tu, kama mu sufuria ya maji ya bukari, na mapovu mengine yanazaliwa bila mwisho. Kama lingine liligonga la kwetu, alama ingebaki: duara mu nuru ya zamani kuliko zote, yenye kusafiri karibu miaka bilioni 13,8.

Shida ni kwamba joto la ile nuru linatofautiana kidogo sana, kama sehemu moja mu 100.000, na jicho linapenda kudanganya. Mu ramani ya satelite WMAP ya Marekani mnasomeka hata S na H, herufi za kwanza za Stephen Hawking!

Basi Hiranya Peiris na wenzake watatu walifanya vile tungependa wote wafanye. Walitengeneza mbingu za uongo mu ordinateri, zisizo na mgongano, waone mashini itadanganyika mara ngapi. Kiisha wakaweka migongano ya uongo, waone kama itaikamata. Ni pale tu waliipitisha mu mbingu yenyewe. Mu 2011 wakaandika: fasi ine zinafanana na alama, lakini hazitoshi kusema tumepata.

Mama mmoja atauliza: ile inatuletea bukari? Hapana. Lakini hapa kwetu alikuja bwana mmoja na ramani ya rangi, akakusanya franga ya familia zetu juu ya kilima chenye maua. Hakuna aliyemuuliza alitoboa mashimo ngapi, na ngapi yalitoka bule. Akirudi, yeye ao ndugu yake, tutamwomba atuonyeshe kwanza ile ya bule.