Yaonekanapo Maji Sipo Yaingiapo



Mzee mmoja katika jamaa zetu ametujia na habari ya mwanawe aliyeko Uingereza. Kijana huyo alinunua gari dogo la mbio la watu wawili, kuukuu, lenye paa la turubai ambalo hukunjwa likalazwa nyuma ya viti. Siku za jua alilifurahia sana. Yalipofika majira ya kupukutika majani na mvua, akakuta zulia lililo nyuma ya kiti limerowa chapachapa. Akanunua silikoni, akaipaka juu ya kila mshono aliouona. Mvua ya pili ikanyesha, maji yakaingia vile vile. Sasa ataka kuliuza, naye amemwuliza babake: je, nikilianika mpaka likakauka, yanipasa kumwambia mnunuzi?

Swali hilo tutalijibu mwisho. Kwanza twataka kusema juu ya maji yenyewe, kwani twaona kijana huyu amekata tamaa kabla hajatafuta.

Aliyekaa katika nyumba ya dari ajua kwamba tone laweza kudondoka juu ya kitanda, na ufa wenyewe uko upande wa pili wa chumba. Maji yaliingia huko, yakafuata boriti, yakaanguka yalipokoma njia. Mwenye kuziba pale penye tone hupoteza chokaa yake. Gari nalo ni hivyo hivyo. Yaonekanapo maji sipo yaingiapo. Basi yapasa kwanza kuijua njia yao.

Tuchukue kwa mfano Mazda MX-5, gari linalojulikana mno katika jamii hii, lililoonyeshwa kwanza Chicago mwaka 1989, nalo hutengenezwa Hiroshima, Japani. Wengi hudhani kuwa turubai lake limewekwa kuyazuia maji yote yasipite popote. Sivyo. Maji ya mvua huteremka juu ya turubai mpaka nyuma, yakapokewa na mlizamu uliofichwa chini ya ukingo wake. Mlizamu huo huyagawa pande mbili, kulia na kushoto, yakaingia katika tundu mbili zilizo nyuma ya milango, karibu na mikanda ya viti. Kutoka hapo hushuka kwa mirija ndani ya bodi, yakatokea chini ya gari, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Maana yake ni kwamba maji yameruhusiwa kuingia, kwa sharti kwamba yatatoka.

Gari likilazwa chini ya mti, majani na vumbi huingia katika tundu zile na kugeuka tope. Njia ikiziba, maji hujaa, hufurika, na humwagika nyuma ya viti. Turubai ni zima, mishono ni mizima, na zulia limerowa! Hapo silikoni ya dunia nzima haitafaa kitu. Na madhara hayaishi kwenye zulia. Maji yaliyotuama huingia ndani ya kizingiti cha chini ya mlango, yakakila chuma kutoka ndani. Siku rangi inapovimba nje, kutu imekwisha kazi yake. Katika Porsche Boxster za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1996, chombo cha umeme kiliwapacho gari ruhusa ya kuwaka kimewekwa chini ya kiti. Tundu zikiziba, maji hukifikia na gari hukataa kuwaka. Jani moja bovu laweza kuleta gharama ya fundi wa umeme.

Basi mwenye gari na aanzie hapo. Ajaze chupa maji, ayamimine polepole katika tundu ya kila upande, na mwenzake ainame atazame chini. Yakitoka mara moja, njia ni safi. Yakichelewa au yakisimama, ugonjwa umejulikana. Azibue kwa kitu laini kinachopindika, kama uzi mnene wa plastiki utumiwao katika mashine za kukatia majani, akiusukuma na kuuzungusha kwa upole. Asitumie waya mgumu, maana waya hutoboa mrija. Wala asipulize upepo wa nguvu, maana huenda ukauchomoa mrija mahali pake, na maji yakamwagika ndani ya bodi daima.

Ikiwa tundu ni safi na maji yangali yanaingia, ndipo atazame penginepo. Akaushe ndani kwanza, kisha atandaze karatasi kavu sakafuni na nyuma ya viti. Mtu mmoja akae ndani na kurunzi. Wa pili ashike mpira wa maji, bila kuubana ili maji yasiruke kwa nguvu. Aanzie chini apande juu, mahali pamoja kwa dakika kadhaa kabla ya kuhamia pengine. Akianzia juu, maji yatateremka kila mahali, naye hatajua ni ufa upi uliomhaini.

Mipira ya milango na ya ukingo wa kioo cha mbele hupimwa kwa kipande cha karatasi: kifungiwe mlangoni, kisha kivutwe. Kikiteleza bila kushikwa, hapo mpira haukazi. Mara nyingi dawa ni kuuosha kwa maji ya sabuni na kuupaka mafuta ya silikoni. Mafuta ya taa na mengine ya jamii yake yaepukwe, kwani huuharibu mpira. Komeo za paa zikilegea, fundi huzikaza kidogo, turubai likabana vema. Milango nayo ina tundu ndogo chini, kwa kuwa maji hupita kila siku kando ya kioo. Zikiziba, mlango hugeuka birika. Mpira uliokatika hauna dawa ila kubadilishwa.

Baada ya kuziba, kukausha. Chini ya zulia mna sponji nene inayoyashika maji majuma mengi. Juu pakavu, chini bwawa, na kuvu humea na kuwaletea tabu wenye vifua dhaifu. Zulia liinuliwe na kuanikwa. Ikiwa viti vina mifuko ya hewa ya ajali, kuvitoa kuachiwe fundi.

Sasa twarudi kwenye swali la kijana. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata umaji. Mwenyewe akajitetea kuwa kilipatwa na mvua. Mtume akamlaumu kwa kutokiweka juu kile kilichorowa ili watu wakione, na akaeleza kwamba mwenye kughushi si katika wenziwe. Tazameni, enyi vijana: mvua haikuwa kosa la mfanya biashara yule. Kosa lilikuwa kuyaweka makavu juu na majimaji chini. Je, zulia lililoanikwa juu ya sponji iliyorowa ni nini kama si chungu ile ile?

Jawabu letu, basi, ni kwamba yampasa kusema. Na afadhali kabla ya kuuza azibue tundu zake, alikaushe gari, akague vizingiti, kisha amweleze mnunuzi yaliyotukia na aliyoyatengeneza. Huenda bei ikapungua kidogo, lakini atalala usingizi. Na huenda pia, akiisha kuona kwamba ugonjwa wote ulikuwa konzi ya majani mabovu, asitake kuliuza tena.

Nasi tusicheke tukadhani kuwa haya ni ya wenye magari ya anasa peke yao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye akili huutafuta ufa kwanza, ndipo akakanda udongo.

Wabillahi tawfiq.