Mama Kavaa Nini Bwawani? Swali la Kipuuzi

Kila Idi, kila Pasaka na kila Krismasi nusu ya Dar es Salaam inahamia kwenye mabwawa ya kuogelea. Na kila sikukuu ikipita ugomvi ni ule ule: fulani alivaa nini. Picha ya mama wa watoto wawili akiwa ndani ya vazi la kuogelea la kipande kimoja (si bikini jamani, kipande kimoja!) inazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na watu wazima wenye shahada zao wanaanza. Huyu ni mama wa watu kweli? Mumewe yuko wapi? Maadili yamekwisha nchi hii.

Sikukuu hiyo hiyo, bwawa lingine, mama mwingine amekuja na taiti nyeusi na blauzi ya mikono mirefu ili aingie majini na wanawe. Anazuiwa. Hakuna kuingia na nguo za nyumbani, dada, soma bango.

Yule kavaa kidogo mno, huyu kavaa mno. Wote wawili wanaishia kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, wanawatazama watoto wao kwa mbali. Ukiniuliza mimi, kashfa iko kwenye kile kiti.

Sitamung'unya maneno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Bara letu ndilo lenye kiwango kikubwa kuliko mengine yote. Na wale tuliokulia kwenye sinema tumedanganywa kuhusu namna mtu anavyozama. Tunadhani atapiga kelele, atapunga mikono, maji yatatapakaa. Mtoto anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Anasimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia na kutoka kwenye maji, kimya kabisa, na baada ya muda mfupi amezama. Wenzake wanacheza mpira pembeni yake. Muziki unapigwa. Mama yuko mita kumi na tano, na anachokiona ni kichwa cha mtoto kama vichwa vingine.

Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa maji wanarudia kanuni moja isiyohitaji mashine wala fedha: mtoto asiyejua kuogelea awe na mtu mzima majini, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Kwa mkono. Kwa macho haitoshi.

Sasa niambie, wewe uliyempiga picha yule mama. Alikuwa ameifuata kanuni, wewe ulikuwa umekaa na simu. Nani kati yenu alikuwa na maadili siku ile?

Nitajibiwa kwamba huo si utamaduni wetu. Haya, tuuzungumze utamaduni. Nenda Paje au Jambiani maji yakitoka uone kina mama wa mwani. Kilimo hicho kilishika kasi Zanzibar kuanzia 1989, na karibu wote wanaokifanya ni wanawake. Wanaingia baharini na kanga zao, maji mpaka kiunoni, saa nyingi. Bibi zao kabla yao walikuwa wakichokoa pweza kwenye miamba na kutanda uduvi. Hakuna aliyewaambia mwanamke wa heshima haingii majini. Sheria hiyo tumeitunga sisi wa mjini, tena juzi.

Tuna historia ndefu kidogo ya kutunga sheria za namna hii. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi na suruali za kubana marufuku Dar es Salaam kuanzia Januari 1969. Hata kabla tarehe haijafika wanawake walikuwa wameshavamiwa na vijana Kariakoo. Songa mbele zaidi ya miaka hamsini: Juni 2021 mbunge mwanamke anatolewa ndani ya Bunge, Dodoma, kwa sababu ya suruali. Nairobi, Novemba 2014, wanawake waliingia barabarani kuandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani. Orodha ni ndefu na jina la mwanamume halimo.

Maana kuna jambo ambalo walinzi wetu wa stara hawaligusi. Kwa mafundisho ya wanazuoni wengi wa Kiislamu, mwanamume naye ana uchi wa kusitiri, kuanzia kitovuni hadi magotini. Sasa pita kwenye bwawa lolote Jumapili uhesabu akina baba waliovaa bukta iliyoishia juu ya paja, kitambi mbele, au boksa ya ndani kabisa iliyoloa ikashika mwili. Umewahi kuona picha ya huyo ikizungushwa kwenye grupu? Eti kwake ni mapumziko. Kwa mkewe ni mmomonyoko wa maadili.

Upande wa pili wa kelele hizi ni wenye mabwawa, na hawa nao hawatoki salama leo. Kuna hoteli moja ya wastani jijini, jina nabaki nalo, niliyomuuliza msimamizi wake kwa nini taiti na blauzi haziruhusiwi. Akasema ni usafi. Nikamuuliza usafi wa namna gani, akasema nguo za mtaani zinachafua maji. Kidogo ana hoja. Pamba inabeba vumbi na jasho la daladala, inaachia nyuzi zinazoziba chujio la pampu, na ikiloa inakuwa nzito. Lakini hiyo ni hoja ya aina ya kitambaa, haihusiani kabisa na urefu wake. Nailoni na poliesta za mavazi ya kuogelea ni zile zile ziwe zimeishia kwenye nyonga au kwenye kifundo cha mguu. Nikamuuliza tena: je, wateja mnawalazimisha kuoga kabla ya kuingia? Akacheka. Na ile harufu kali tunayoiita harufu ya klorini inatokana kwa sehemu kubwa na klorini kukutana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Kwa hiyo kijana anayetoka baa ya pembeni na bia zake tatu, asiyeoga, anajitosa bila kuulizwa, halafu mama mwenye taiti safi ndiye mchafu. Nilipombana zaidi msimamizi akasema ukweli: wateja wetu wengine hawapendi kuona hivyo.

Hawapendi kuona. Basi, hilo tumelielewa.

Na tusidhani ni sisi tu. Kiangazi cha 2016 zaidi ya miji ishirini ya pwani ya Ufaransa ilipiga marufuku burkini ufukweni, na picha ya askari wenye silaha wakimsimamia mwanamke mmoja ufukweni Nice huku akivua fulana yake ya mikono mirefu ilizunguka dunia nzima. Agosti 26 mwaka huo mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa ikaisimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet. Mwaka 2022 mji wa Grenoble ukaamua mabwawa yake ya umma yapokee mavazi yote, burkini hata kifua wazi, na safari hii mahakama ile ile, Juni 21, ikauzuia uamuzi kuhusu burkini. Kinachonichekesha ni kwamba kwenye mabwawa mengi ya Ufaransa hata mwanamume akija na kaptula pana anarudishwa, avae kile kichupi cha kubana, ati kwa usafi. Angalau wao wanawasumbua na wanaume.

Wazungu wenyewe hawakuzaliwa na bikini. Ilizinduliwa Paris Julai 1946, na Louis Réard. Mwaka 1922 kule Washington polisi walikuwa wanapita ufukweni na futi ya kupimia, vazi la mwanamke likiwa zaidi ya inchi sita juu ya goti ni kosa. Miaka mia baadaye mwanamke anasumbuliwa kwa kuvaa refu. Urefu umegeuka, mwenye kushika futi hajabadilika.

Burkini yenyewe, ambayo hapa kwetu wengine wanaiita ushamba na wengine wanaiita siasa, ilibuniwa 2004 na Aheda Zanetti, mwanamama wa Australia mzaliwa wa Lebanon, ili wasichana wacheze na waogelee bila kuacha dini yao mlangoni. Miaka michache baadaye ikashonwa ya rangi nyekundu na njano, rangi za waokoaji wa fukwe za kule, na wasichana wa Kiislamu wakaivaa wakahitimu uokoaji. Waokoaji, ndugu zangu. Karibu zaidi, kule Nungwi mradi wa Panje ulianza kuwafundisha wasichana kuogelea kwa kuwapa mavazi marefu ya kuogelea, kwa sababu bila hayo wazazi wasingewaruhusu. Picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zikapata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Kwa nguo ile ile inayomrudisha mama getini Dar, binti wa Nungwi kajifunza kuelea.

Nguo ninayoipinga ipo, na ni dera. Dera likiloa linazunguka miguu kama wavu, nalo la pamba linavuta chini. Jinzi hali kadhalika. Mama aliyevaa dera anaweza kuwa amesitirika kuliko wote pale na bado asimfikie mtoto wake. Kipimo changu kwa mzazi ni hicho tu: ukiwa umevaa hivyo, unaweza kwenda kumchukua mtoto kwenye kina kirefu? Bikini inafaulu. Burkini inafaulu. Taiti ya nailoni na fulana ya kubana inafaulu. Dera, baibui na gauni la kitenge la kupigia picha vinafeli, hata vikiwa vimenunuliwa kwa bei gani.

Kuna na nywele, tusijifanye hatujui. Umesuka tangu asubuhi mpaka jioni, umelipa hela, halafu uzilowanishe kwa maji ya klorini? Wengi wetu tunakaa kwenye kiti kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya dini, na kofia za kuogelea zilizojaa madukani zimetengenezwa kwa vichwa visivyo na rasta wala yeboyebo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilikataa mwaka 2021 kofia kubwa za Soul Cap zinazofaa nywele zetu zisitumike Olimpiki ya Tokyo, zikaja kukubaliwa Septemba 2022. Kama wakubwa wa dunia iliwachukua muda kuelewa nywele, muuza kofia wa hapa mjini nitamsamehe kidogo.

Hasira yangu inarudi pale pale. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, nchi kavu ikiwa inaonekana. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote, kivuko kilizidisha abiria na kikapinduka ghafla. Nasema sisi ni nchi ya maziwa matatu makubwa na bahari, na mahali pekee ambapo mtoto wa mjini anaweza kuyazoea maji akiwa mikononi mwa mzazi wake ni lile bwawa la sikukuu. Hapo ndipo tunapomweka mama kando kwa sababu ya nguo, na baba yuko kaunta anasubiri nyama choma. Baba naye ana mikono miwili. Hana kisingizio cha nywele, hana kisingizio cha vazi, hakuna atakayempiga picha. Ashuke.

Wenye mabwawa nawaomba mbadilishe bango. Andikeni aina ya kitambaa, urefu uacheni. Andikeni kila mtu aoge kwanza, na mtu asimame kwenye bomba kuhakikisha. Andikeni mtoto asiyejua kuogelea haingii bila mtu mzima kuingia naye, na mwokoaji awe ni mtu anayejua kuogelea, maana nimeshaona mahali mwokoaji ndiye huyo huyo anayeleta soda.

Bwawa la karibu na kwako bango lake linasemaje?