Simu haina ulimi: onjesha kwanza, ndo uuze

Leo sina hatua kumi za kutajirika. Nina neno moja tu, na najua kuna watakaonibishia, karibuni: kama unauza kitu cha kuliwa mtandaoni na hakitoki, usikimbilie kushusha bei. Onjesha. Na uonjeshe kwa mpango, sio kugawa tu.

Mie nauza achari, chatine na ubuyu. Kwetu Jambiani, naishi Jang'ombe hapa Mjini, skuli nimeishia form four. Biashara nimejifunza kwa kupata hasara. Achari sitengenezi peke yangu, tuko tisa: mimi na akina mama wanane wa kikundi cha kijijini. Wengi wao wamelima mwani miaka mingi, na kama hujui kazi ngumu yenye hela ndogo ikoje, muulize mkulima wa mwani. Kwa hiyo nikisema mtaji ulikuwa wa kikundi, ushaelewa ni jasho la nani.

Msimu wa maembe uliopita tulitengeneza chupa 60 za achari ya embe. Gharama kila chupa 4,000, bei 6,000. Mie ndo mwenye simu yenye kamera nzuri, nikapewa kazi ya kuuza. Nikapiga picha juu ya kanga, mwanga wa asubuhi, nzuri kweli. Nikaweka status, nikaweka Instagram. Laiki zikamiminika. Oda? Nne.

Nikafanya kile tunachofanya wote. Nikaandika OFA OFA OFA, 6,000 ikawa 4,500. Zikatoka chupa sita, na mmoja wa wale wanne wa mwanzo akanijia juu: "Mbona mie umeniuzia ghali?" Sikuwa na jibu.

Hebu tupige hesabu. Kwa 6,000 faida yangu ni 2,000. Kwa 4,500 faida ni 500. Maana yake ili nipate faida ya chupa moja ya bei ya kawaida, niuze chupa nne za ofa. Sasa kama chupa moja inanishinda kuuza, hizo nne nitaziuzaje?

Kilichonifungua macho ni meseji ya mteja mmoja. Kaandika: "Dada picha nzuri, lakini kali sana? Ina chachu? Mafuta mengi?" Nikamwandikia maelezo marefu kama mtihani. Akajibu, "Sawa dada, nitakutafuta." Nyote mnaijua "nitakutafuta" maana yake nini.

Yule dada hakuuliza bei hata mara moja. Aliuliza ladha. Na ladha haipiti kwenye simu. Simu ina macho na masikio, haina ulimi wala pua. Sie tunajibu swali la ulimi kwa kupunguza bei, ndo maana hatuelewani na wateja.

Nendeni Forodhani usiku mkaangalie. Bustani ile ilifanyiwa matengenezo makubwa ikafunguliwa tena mwaka 2009, lakini biashara ya pale usiku inaendeshwa na kitu kile kile: moshi wa mishkaki, pweza kwenye makaa, harufu ya ndimu na miwa inayokamuliwa mbele yako. Pua ishanunua kabla mkono haujaingia mfukoni. Au twendeni mashamba ya viungo, Kizimbani na Kidichi. Mtembeza wageni haanzi na bei. Anachuma jani, analifikicha, anakwambia nusa, hiki nini? Mgeni anabahatisha, anakosea, anacheka. Anaonja gome la mdalasini. Mwisho wa safari ndo wanafika kwenye meza yenye viungo vilivyofungwa. Hapo mgeni hanunui pakiti, ananunua kile alichokwisha kukiweka mdomoni.

Basi na mie nikasema nitaonjesha. Siku ya kwanza nikaharibu.

Nikaweka status: "Leo jioni njooni muonje achari bure, barazani kwa shangazi, Jang'ombe." Nikafungua chupa sita kwa mpigo. Wakaja watoto wa mtaa mzima, wakaja vijana waliotoka mpirani na njaa zao. Mkate wa nyumbani uliisha kwa dakika kumi. Wengine walichovya kipande kile kile mara tatu. Chupa sita, gharama yake 24,000, zimeliwa. Nikauza mbili. Nililala na kichwa kinauma, nikiwaza nitawaambia nini akina mama.

Nilichokosa nilikuja kukiona mahali ambapo sikutarajia. Nilikwenda kupeleka ubuyu kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki, nikaambiwa nisubiri malipo. Jioni ile wageni walikuwa na kikao cha kuonja mvinyo na chakula. Mie pombe sinywi na wala sikukaribia meza. Na anayetaka kuuza vinywaji vile hapa kwetu ajue vina leseni na sheria zake, sio mada yangu leo. Lakini nilikaa pembeni zaidi ya saa nzima, na macho hayana kosa.

Walikuwa hawazidi kumi na tano, wote wamealikwa. Kila glasi inamiminwa kidogo sana, kama funda mbili. Wameanza na ule mwepesi, wakaenda mpaka mzito. Katikati wanakunywa maji na kula kipande cha mkate mkavu, ili ulimi usafike. Kuna ndoo, asiyetaka kumeza anatema. Yule anayeendesha anaeleza: zabibu hii ya wapi, jua lake likoje, inakwenda na chakula gani. Chupa moja ilikuwa ya Dodoma kwetu hapa Tanzania, na ndo aliyoielezea kwa raha zaidi. Hakuna aliyelewa, hakuna aliyeshiba. Mwishoni ikapita karatasi, watu wakaandika wanachotaka.

Baadaye nikaambiwa na mpishi kuwa huko Uingereza mpaka vijijini watu wana vilabu vya namna hii. Wanachanga, wanakutana ukumbini jioni, leo wanaonja bia, siku nyingine mvinyo na jibini. Wanakwenda kuzungumza na majirani, na wakiondoka wanajua wanapenda nini.

Niliporudi Jambiani kuwasimulia akina mama, yule mkubwa wao akanikata: "Mwanangu, ndo umekwenda kujifunza biashara kwa walevi?" Wote kimya. Nikamwambia, bibi, wallahi sikugusa kitu, nimechukua utaratibu tu, mvinyo wao nimewaachia wenyewe. Hakuridhika. Lakini kesho yake asubuhi akanipigia simu mwenyewe. Akaniambia kwani muuza halua anafanyaje? Anakukatia kidogo kwa ncha ya kisu, unaonja, halafu unasema nipimie nusu. Na kahawa chungu inakuja na halua ili uchungu ukate utamu. "Hayo ya kwetu," akasema. "Fanya, lakini usifungue chupa sita tena."

Kwa hiyo nikafanya mara ya pili. Alhamisi baada ya sala ya isha, baraza ile ile ya shangazi. Na hivi ndivyo nilivyopanga, chukueni kitakachowafaa:

1. Alika watu kwa majina. Nilifungua simu nikatafuta wote walioniambia "nitakutafuta". Nikawaandikia mmoja mmoja, sio kwenye status. Nikapata 12, na wengine wakaja na dada au jirani. Mtu aliyewahi kuuliza ana hamu tayari, kinachomzuia ni wasiwasi.

2. Toa kidogo. Kijiko kidogo kimoja cha kila kitu, basi. Lengo ni mtu aondoke na hamu. Akishiba barazani kwako, nyumbani atakwenda kununua cha nini?

3. Panga ladha. Laini kwanza, kali baadae, tamu mwisho kabisa. Mie nilianza na chatine ya nazi, nikaja achari ya embe, nikamaliza na ubuyu. Siku ya kwanza nilimpa mtu ubuyu halafu achari, ulimi wake ulikuwa ushapotea. Katikati weka maji na kipande cha boflo. Kahawa chungu ikae mwishoni.

4. Eleza kwa ufupi, halafu nyamaza. Nilisema embe imetoka wapi, imekaa juani siku ngapi, na akina mama gani wameitengeneza. Baada ya hapo acha watu waseme wao. Mteja akimwambia mwenzake "hii kwa wali wa nazi itafaa", ushauza bila kufungua mdomo.

5. Usafi usiwe wa kubahatisha. Kila mtu kijiko chake, hakirudi kwenye chupa. Sema mapema kama kuna karanga au kitu kingine kinachowadhuru baadhi ya watu. Chupa iwe na tarehe. Na kama unauza chakula kwa kudumu, nenda Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, uulize utaratibu wa kusajili. Mtu akiumwa tumbo baada ya kuonja kwako, mtaa mzima utajua kabla ya adhana ya alfajiri.

6. Bei iandikwe wazi, daftari liwe mezani, na usiombe. Nilisema mara moja tu: bei 6,000, anayetaka aandike jina. Sikusema ofa.

7. Uliza kilichokosewa. Watu watatu waliniambia chumvi imezidi. Iliniuma, lakini walikuwa kweli. Tumeshapunguza. Maneno haya huyapati kwenye laiki.

Sasa matokeo, na sitawadanganya. Nilifungua chupa tatu, gharama 12,000. Boflo, kahawa na maji vilinigharimu 14,000. Jumla 26,000. Usiku ule nikauza chupa 19, faida 38,000. Nikabaki na 12,000. Utasema kidogo. Subiri. Ndani ya wiki mbili zikaja oda 14 kwenye simu, kwa wale wale au waliohadithiwa na wale, bei kamili, hakuna aliyeomba apunguziwe.

Ukichanganya na hasara ya siku ya kwanza na zile chupa za ofa, mtaji wa akina mama, 240,000, ulirudi wote. Juu yake 7,000, na chupa sita mkononi. Hatukutajirika. Lakini nilikwenda Jambiani nikiwa nimeinua uso, na msimu huu wamenipa tena kazi ya kuuza.

Najua mtakachosema. "Mimi sina baraza." Ukumbi wa nyumbani unatosha, hata watu sita. "Wateja wangu wako Dar." Weka kipakti kidogo cha kuonja ndani ya mzigo wa mtu anayenunua kitu kingine, mzigo unakwenda na boti ule ule, nauli haiongezeki. "Mie siuzi chakula." Anayeuza udi anusishe, anayeuza sabuni ya mwani awape watu wanawie mikono, anayeuza kanga aitandike watu waishike. Ni jambo lile lile.

"Watu watakula waondoke." Ndio, wapo. Usiku ule watu wawili walionja kila kitu, wakashukuru, wakaaga. Mmoja wao ndo aliyemleta mteja aliyechukua chupa nne. Na hata asingemleta mtu, kijiko kimoja cha achari ni hasara ndogo kuliko kumpunguzia kila mteja 1,500 kwa sababu umeshindwa kumwonyesha kitu kikoje.

Msimamo wangu ndo huo. Ofa inamfundisha mteja kuwa bei yako ya kwanza ilikuwa uongo, kisha anakaa kusubiri ofa nyingine. Kijiko kinamfundisha ladha, na ladha ndo inayomrudisha. Sisemi bei isishuke kabisa, kuna bidhaa inakaribia kuharibika, ishushe. Lakini kabla hujaandika OFA, jiulize: huyu mteja kakataa bei, au hajui anachokinunua?

Haya, niambieni hapo chini. Wewe unauza nini, na mteja wako anaweza kukionja, kukinusa au kukishika vipi kabla hajalipa? Na kama umewahi kuonjesha ukapata hasara kama mie siku ya kwanza, sema, usione haya. Kuna mwenzio anataka kufungua chupa sita kesho.