KWA NINI TWATIA SAHIHI TUSIYOYAAMINI



Mara nyingi twasikia mfanya kazi akiuliza: ikiwa kila mtu ajua ya kwamba mambo yameharibika, mbona kila mtu asema ni mazuri? Wengine hujibu upesi kwamba watu ni waongo, au ni waoga. Sisi hatukubali jibu hilo. Waongo wako kila mahali, lakini hawatoshi kuiendesha nchi nzima kwa uongo. Iko sababu nyingine, nayo yaonekana wazi tukitazama habari ya pamba ya Uzbekistan.

Uzbekistan ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti hata mwaka 1991, na zao lake kubwa lilikuwa pamba. Moscow ilipanga tani zinazotakiwa kila mwaka, na hesabu ikazidi kupandishwa, hata ikafika tani milioni sita. Mashamba hayakuweza kutoa pamba hiyo yote. Basi ilipatikanaje? Mwenyekiti wa shamba aliandika kwamba ameleta pamba ambayo hakuileta. Meneja wa kiwanda cha kuchambulia pamba akampa stakabadhi, naye akapata chake. Mabehewa yakaenda kwenye viwanda vya nguo huko Urusi, mengine yakiwa matupu, mengine yamejaa takataka za pamba, na huko nako alikuwako mtu wa kupokea bahasha na kuandika kwamba mzigo umefika. Makarani wakajumlisha. Wakubwa wakapeleka jumla Moscow, na Moscow ikaleta fedha na nishani. Sharof Rashidov, mkubwa wa chama cha siasa huko tangu 1959 hata alipokufa 1983, alipewa cheo cha Shujaa wa Kazi mara mbili. Wanafunzi walitolewa darasani kila msimu kwenda kuokota. Wao walilipwa kwa kilo, na zile kilo za karatasi hazikuwa zao.

Mambo yalianza kufichuka baada ya Brezhnev kufa mwaka 1982. Watu wengi walifungwa. Hata mkwe wake Brezhnev, Yuri Churbanov, aliyekuwa naibu wa waziri wa mambo ya ndani, alihukumiwa miaka 12 katika 1988.

Sasa utazameni mnyororo ule. Hapana hata mmoja ndani yake aliyehitaji kuamini zile tani. Ilitosha kila mmoja atie sahihi yake na ampe wa mbele. Mwenyekiti akisema kweli, hufukuzwa yeye peke yake, na jirani yake aliyesema uongo husifiwa. Faida ya kusema kweli ingekuwa ya watu wote, lakini gharama ingelipwa na yule wa kwanza kufungua kinywa. Twaona hiyo ndiyo sababu yenyewe. Mtu hana haja ya kuwa mwovu. Yatosha awe peke yake.

Je, vyama vya wafanya kazi havikuwako? Vilikuwako, tena vyenye wanachama zaidi ya milioni 100. Viligawa nafasi za likizo na malipo ya ugonjwa, na vilihimiza watu watimize mpango. Katika Julai 1989 wachimba makaa wa Siberia waligoma, na jambo moja walilodai lilikuwa sabuni. Sabuni! Mtu atoka chini ya ardhi mweusi kama makaa yenyewe, ana kadi ya chama mfukoni, na hana cha kunawia. Wachimbaji wale walichagua kamati zao wenyewe, wakakiacha chama kando.

Habari hii si ya mbali. Katika Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Ziko kamati ambazo hukutana katika karatasi tu. Daftari lasema mtungi wa kuzima moto umekaguliwa, nao ni mtupu. Lasema kinga ya mashine ipo, nayo imelala stoo. Na chini yake pana sahihi ya mmoja wetu. Hatumlaumu upesi, maana ana watoto wa kulisha. Sheria hiyo hiyo yamkataza mwenye kazi kumfukuza mtu kwa kuwa amelalamika juu ya hatari, lakini sheria haisimami langoni asubuhi majina yakiitwa.

Kwa hiyo mjumbe asitie sahihi peke yake. Akiletewa daftari, aende na wenzake wawili wakakione kitu chenyewe. Kama hakipo, waandike kwamba hakipo, watie majina yote matatu, na nakala ifike kwa katibu wa tawi siku ile ile.

Na sisi wa chama tusijitoe. Tawi linaloandika kwamba lina wanachama 400, na waliolipa ada ni 150, halina haki ya kumcheka yule mwenyekiti wa pamba. Makatibu wa matawi walete hesabu ya waliolipa kweli, hata ikiwa ndogo. Hapana katibu atakayeondolewa kwa sababu hesabu yake ni ndogo.